Moto Uliozaliwa na Maji

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1883, kisiwa cha Krakatau, kati ya Java na Sumatra, kililipuka. Mlio ulisafiri kilomita 4,800 hadi Rodrigues, ambako mkuu wa polisi, James Wallis, aliandika kwamba amesikia kama mizinga mikubwa ikirindima upande wa mashariki.

Mimi ni mtu wa ng'ambo ya pili ya bahari hiyo, na volkano nilizofundishwa shuleni zilikuwa za bara: Kilimanjaro, Oldoinyo Lengai, Nyiragongo. Kwetu ardhi inapasuka, na moto hupanda kwenye mpasuko. Kule Indonesia ni kinyume. Mabamba mawili ya ganda la dunia yanakutana, na moja linazama chini ya jingine.

Sakafu ya Bahari ya Hindi husogea kaskazini kwa takriban sentimita 6 kila mwaka, ikaingia chini ya Java kupitia handaki lenye kina cha zaidi ya kilomita 7. Wengi hudhani bamba likishazama huyeyuka lenyewe. Sivyo. Limebeba maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua maji hayo, yakapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake. Na mwamba uliolowa huyeyuka kwa joto dogo kuliko mkavu. Moto wa Krakatau, basi, ulianzia kwenye maji ya bahari. Ndiyo maana volkano za Sumatra, Java na Bali zimepangana kwa mstari uliopinda, zikilifuata handaki.

Mwaka ule walikufa zaidi ya watu 36,000, wengi wao kwa mawimbi. Mawe mepesi yenye vitundu yalielea kama mikeka, mengine yakafika pwani ya Afrika mwaka uliofuata. Zanzibar ya Sultani Barghash ilikuwa na waya wa telegrafu chini ya bahari tangu 1879. Habari sasa ziliweza kuitangulia bahari.

Miaka 121 baadaye, bahari ilitangulia. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, mpaka wa mabamba hayo ulifyatuka karibu na Sumatra kwa urefu wa kilomita 1,300 hivi. Mawimbi yalichukua takriban saa saba kufika Somalia. Saa saba nzima! Kenya, polisi waliwaondoa watu ufukweni, akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa wasiopungua 10. Somalia, hasa Hafun, walikufa karibu 300. Ni kweli mawimbi ya Somalia yalikuwa makubwa zaidi, lakini maelezo hayo hayanitoshi. Pasifiki ilikuwa na kituo cha tahadhari ya tsunami tangu 1949. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wowote.

Mfumo ulijengwa baadaye, ukategemea zaidi kunasa matetemeko. Lakini mahali pa Krakatau palikuwa pamechomoza kisiwa kipya mwaka 1927, Anak Krakatau, yaani mtoto wa Krakatau. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wake uliporomoka baharini, bila tetemeko kubwa la kutangulia. Walikufa zaidi ya watu 400. Ufukweni Tanjung Lesung, bendi ilikuwa jukwaani ikipiga muziki.