Mapishi ya Kasongo na Kabambare

Mapishi ya Kasongo na Kabambare ni chakula cha kawaida cha teritware (wilaya) mbili za kusini mwa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nguzo zake ni bukari wa muhogo, wali, sombe, samaki wa mto Lualaba na mafuta mekundu ya mawese. Upande wa Kasongo wanaishi Wakusu, Wazimba na Wagenia, miongoni mwa wengine. Kabambare ni nchi ya Wabangubangu hasa. Wote hupatana sokoni kwa Kiswahili, ambacho zamani kiliitwa Kingwana.

Msafiri hukionja chakula hiki katika restora, neno la Kifaransa lililokwisha kuzoea mdomo wa Kiswahili. Nyingi za njiani ni banda tu la miti na udongo, na ndani yake meza ya mbao, benchi mbili na sufuria zilizoinjikwa juu ya mafiga au mbabula ya makaa. Orodha ya vyakula haipo. Mtu hunawa mikono, akauliza, "Mama, leo kuko nini?" Jibu hutegemea kilichofika sokoni asubuhi hiyo.

Sombe ndiyo kipimo cha mpishi. Ni majani machanga ya muhogo, yale ambayo watu wa pwani huyaita kisamvu, yaliyotwangwa kinuni hadi yalainike kabisa. Kisha huchemshwa kwa muda mrefu, maana majani mabichi yana sumu ya sianidi, na mpishi mwenye haraka hana kazi hapa. Mawese hutiwa baadaye, pamoja na kitunguu, pilipili na samaki mkavu au karanga zilizosagwa. Muhogo mchungu nao una adabu yake: huloweshwa majini siku kadhaa, huanikwa, hutwangwa na kuchekechwa ndipo unga wake usongwe bukari. Bukari huu huvutika kuliko ugali wa mahindi. Aliyezoea sima ya Mombasa atahitaji matonge mawili matatu kabla ya kuupenda.

Wali una historia nyingine. Mpunga ulienezwa huku katika karne ya 19 na misafara ya Waarabu na Waungwana kutoka Zanzibar na Unyamwezi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar, aliufanya mji wa Kasongo makao yake makuu katika miaka ya 1870. Mashamba yaliyouzunguka yalilimwa na watumwa, na hilo halifai kusahauliwa na anayesifu rutuba yake. Jeshi la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, chini ya Francis Dhanis lilipouteka mji tarehe 22 Aprili 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nalo, alikuta ghala zimejaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga, maembe na mananasi. Watawala Waarabu walianguka, mpunga ukabaki. Chini ya Wabelgiji, baada ya amri ya mwaka 1917, wakulima walilazimishwa kulima mazao ya biashara, mpunga na pamba yakiwemo. Hadi leo mpunga wa Maniema hulimwa zaidi nchi kavu, penye msitu uliofyekwa na kuchomwa, kwa kutegemea mvua. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo mara nyingi hutumia "mchele" hata kwa chakula kilichoiva. Wa pwani akiambiwa amekula mchele, asishtuke.

Jambo la kuangalia ni kilichobadilika njiani. Wali wa Zanzibar hupenda nazi. Bara huku hakuna minazi ya kutosha, ila michikichi imejaa. Kwa hiyo wali hupikwa mweupe, na utamu wa mafuta hutoka kwenye mboga ya pembeni, iliyokolea mawese. Kwa maoni ya mwandishi, sahani hii ndiyo Kasongo yenyewe, kuliko pilau ya harusi na Idi, ambayo ingeweza kupikwa popote penye Waislamu. Uislamu hata hivyo umeweka alama yake: Kasongo ni kitovu chake cha zamani nchini, na wateja wengi watauliza nyama imechinjwa na nani kabla ya kuigusa.

Samaki hutofautisha miji hii miwili. Kasongo uko karibu na Lualaba, na wavuvi wa Kigenia huleta samaki wabichi wa kupikwa mchuzi siku hiyohiyo. Kabambare uko mbali na mto. Huko samaki hufika wakiwa wamekaushwa kwa moshi, mara nyingi wamefungwa juu ya baiskeli inayosukumwa kwa siku nyingi kwenye barabara mbovu, na ukali wa moshi huo umekuwa ladha inayotakiwa: sombe ya Kabambare bila harufu yake huonekana haijaiva.