Mlinzi wa Damu: Safari ya ORS Hadi Mwambao wa Tanganyika

Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Wakati meli ya Liemba ikiwasafirisha kuja Kigoma, kipindupindu kilizuka. Kufikia tarehe 22 mwezi huo, wagonjwa walikuwa wapatao 3,000 na waliofariki 31. Maelfu waliokolewa kwa dripu na kwa ORS (chumvi za kurejesha maji mwilini), pakiti ile ile ambayo mkazi wa Katubuka au Ujiji, mjini Kigoma, huinunua duka la dawa mtoto akiharisha.

Wengi huijua ORS kuwa ni chumvi na sukari. Ukisoma pakiti ya kuchanganya na lita moja ya maji, utakuta gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu, kisha gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Hiyo ya mwisho haisemwi sana, na ndiyo yenye historia ndefu, kwa kuwa kazi yake ni kulinda damu isizidi tindikali.

Damu ya mtu mzima wa afya hukaa kwenye pH (kipimo cha tindikali) ya 7.35 hadi 7.45. Kinachoishikilia hapo ni bafa: mchanganyiko wa asidi dhaifu na mwenzake wa upande wa besi. Tindikali ikiingia, bikaboneti huipokea na kuipunguza makali. Besi ikizidi, asidi ya kaboni huikabili. Katika damu, bikaboneti huwa mara 20 ya asidi hiyo. Anayeugua kipindupindu hupoteza maji na chumvi, na bikaboneti hutoka pamoja navyo. Akiba ikiisha, tindikali hupanda na mgonjwa huanza kuhema kwa nguvu.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Kati ya 1831 na 1832, daktari William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa nchini Uingereza akaona imepungukiwa maji, chumvi na alikali. Mwaka 1832 Thomas Latta, huko Leith, Uskochi, aliwatia wagonjwa mshipani maji yenye chumvi na soda ya jamii ya magadi. Baadhi walizinduka, lakini tiba hiyo ikaachwa kwa miongo mingi.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukifuata misafara. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, akionyesha ulivyosafiri kwa njia za biashara kati ya pwani na bara. Hakukuwa na tiba iliyowafikia wagonjwa wa misafara hiyo.

Hesabu ya bafa ilikuja baadaye: Mmarekani Lawrence Henderson aliieleza mwaka 1908, na Mdenmark Karl Hasselbalch akaiunganisha na kipimo cha pH mwaka 1916. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akawanywesha wagonjwa maji yenye glukosi, chumvi na bikaboneti ya sodiamu. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Pakiti za kwanza zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani zilikuwa na bikaboneti, lakini katika nchi za joto na unyevu zilibadilika rangi na kuharibika stoo. Mwaka 1984 ikapendekezwa sitreti, ambayo hudumu zaidi, na mwili wenyewe huigeuza kuwa bikaboneti. Badiliko hilo liliifaa miji kama Kigoma, ambako pakiti huvuka masika kabla ya kutumika.

Ziwa letu nalo ni bafa kubwa. Bikaboneti zilizoyeyuka humo huweka pH karibu na 9, na bakteria wa kipindupindu hustahimili maji ya aina hiyo. Kwa hiyo maji ya ziwa yanayoonekana safi yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa.

Mchanganyiko wa nyumbani wa sukari na chumvi husaidia pale ambapo ORS haipo, ila hauna sitreti. ORS ikipatikana, ichanganywe na lita moja kamili, isigawanywe nusu ili pakiti idumu. Vipimo vilivyoandikwa pale vilipatikana kwa kujifunza kutokana na vifo vya watu wengi, na wanaoishi kando ya ziwa hili wana haki ya kupata faida yote ya vipimo hivyo.