Magazijuto: kanuni ya hesabu iliyokaririwa zaidi kuliko kuelezwa

Mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania, iwe Kwamkoro kwenye mashamba ya chai ya Usambara au Kariakoo mjini, ukimwuliza hesabu yenye alama nyingi inaanzia wapi, atakujibu bila kufikiri: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Maswali ya kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS) ameshayasahau, lakini hilo bado analo.

Kabla ya MAGAZIJUTO, Usambara ilikariri hesabu za namna nyingine. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika Mlalo, huko Usambara, mwaka 1891, na miaka hiyohiyo Wajerumani wakafungua shule ya serikali Tanga, wakifundisha kwa Kiswahili ili wapate makarani. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Karani wa kulipa vibarua ilimbidi ajue kwa moyo nusu, robo na thumuni ya 64, la sivyo foleni isingesogea. Mwaka 1904 rupia ikagawanywa upya kuwa heller 100, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya senti 100.

Mwaka 1967, mwaka wa sera ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote saba. Kisha Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundishwa ualimu. Darasa limefurika, vitabu haba, mwalimu mwenyewe bado mgeni wa kazi: neno moja la kuimba kwa sauti, kama MAGAZIJUTO, lilikuwa msaada mkubwa, na silidharau hata kidogo.

Lakini kwa nini kuzidisha kutangulie kujumlisha? Mtoto ananunua daftari la shilingi 500 na kalamu 3 za shilingi 200 kila moja. Anaandika 500 + 3 × 200. Akizidisha kwanza, anapata 1,100. Akienda moja kwa moja kutoka kushoto, 503 mara 200, anadaiwa shilingi 100,600 kwa daftari na kalamu tatu. Hakuna muuza duka wa kukubali hesabu hiyo. Utaratibu huu ni makubaliano yaliyotulia polepole kadiri alama zilivyoenea Ulaya: + na − zilichapwa na Johannes Widmann mwaka 1489, × ikatoka kwa William Oughtred mwaka 1631, ÷ kwa Johann Rahn mwaka 1659.

Tatizo liko kwenye herufi nne za mwisho, JUTO. Tuseme mchumaji wa chai Kwamkoro amepima kilo 18 asubuhi, zikatolewa 2 za uzito wa kapu, jioni akaongeza 15. Ni 18 − 2 + 15, yaani kilo 31. Mwanafunzi aliyekariri tu atasema jumlisha kwanza: 2 na 15 ni 17, toa kwenye 18, imebaki kilo 1. Jasho la siku nzima limepotea kwa kufuata kanuni aliyofundishwa!

Kanuni yenyewe haina kosa, ila haikuelezwa. Kila namba hutembea na alama iliyo kushoto kwake. Zinazojumlishwa ni zile zenye alama ya kujumlisha, pamoja na ya kwanza isiyo na alama: 18 na 15, ni 33. Kisha ndipo unatoa 2. Au nenda kutoka kushoto hatua kwa hatua. Jibu ni lilelile. GAZI haina mtego huo: 24 ÷ 4 × 2 ukianza kugawanya ni 12, na ndivyo inavyotakiwa. Wamarekani, ambao neno lao PEMDAS hutaja kuzidisha kabla ya kugawanya, ndio wanaoponzwa hapo, wakapata 3.

Akifika kidato cha kwanza mwanafunzi wetu anakuta BODMAS, neno la Kiingereza la kanuni ileile, nayo hutaja kujumlisha kabla ya kutoa. Mtego ni uleule, ila sasa anaelezwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi bado wanaipapasa. Kwa hiyo namba na alama yake zielezwe shule ya msingi, kwa Kiswahili, kwa mizani na kapu la majani ya chai, kabla mtoto hajaanza kuimba.