Hati ya Ruhusa kwa Dereva Mchanga

Msomaji wangu, fikiri kidogo juu ya jambo hili. Ni saa saba ya usiku katika nyumba iliyo peke yake katikati ya mashamba ya ngano. Baba yuko safarini. Mama ameshikwa na maumivu makali ya tumbo, wala hawezi kusimama. Daktari yuko umbali wa maili 30. Motokaa imo bandani, na mafuta yamo. Mtu pekee mwenye afya katika nyumba ile ni kijana wa miaka 14, ambaye tangu mwaka jana amekuwa akiendesha trekta la baba yake shambani. Je, ashike usukani au asishike?

Nimepata kuwauliza wanafunzi wangu swali hili, na kila mara darasa hugawanyika pande mbili. Wanaosema ashike hudai kuwa uhai wa mama ni mkubwa kuliko sheria. Wanaosema asishike huuliza mama atafaidiwa na nini mwanawe akimtumbukiza korongoni. Swali lenyewe si mchezo wa darasani tu. Liliwakabili watunga sheria wa Marekani katika karne ya 20, na jibu walilolitoa ni historia inayokufaa wewe, maana inamhusu kijana wa umri wako.

Zamani za farasi na magari ya kukokotwa, mtoto wa mkulima wa Marekani alishika hatamu mapema, wala hapana aliyemwuliza umri wake. Farasi alikuwa na akili yake. Mtoto akisinzia, mnyama aliijua njia ya nyumbani. Motokaa haina akili hiyo. Ilipotokea barabarani, serikali zilianza kujiuliza ni nani afaaye kuiongoza. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mtu asiendeshe motokaa kabla ya kutimiza miaka 17, wala pikipiki kabla ya miaka 14. Mwaka huohuo majimbo mawili ya Marekani, Massachusetts na Missouri, yalianza kuwataka madereva wawe na leseni. Lakini leseni za siku zile mara nyingi zilikuwa karatasi tu. Mtu alilipa ada akaandikwa jina, basi. Rhode Island ililazimisha mtihani wa kuendesha mwaka 1908, ila majimbo mengine yalichelewa sana. South Dakota haikudai leseni hata mwaka 1954, na mtihani ulifuata mwaka 1959.

Kwa nini majimbo ya mashamba yalichelewa hivyo? Sababu moja ni mahitaji ya watu wake. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza motokaa yake iitwayo Model T kwa dola 850. Kufikia mwaka 1925 bei yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 300, na ilipoachwa kuundwa mwaka 1927 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa milioni 15. Mkulima wa kawaida akaweza kuinunua. Katika nchi tambarare za Kansas na Dakota jirani yaweza kuwa mbali maili kadhaa, na basi la abiria halipiti. Shule ndogo za chumba kimoja zilipofungwa na watoto kukusanywa katika shule kubwa za mjini, safari ya elimu ilirefuka. Wakati wa mavuno kila mkono ulihitajiwa, hata mkono wa mtoto. Kumwambia mkulima wa huko kwamba mwanawe asiguse usukani mpaka awe mtu mzima kulikuwa kama kumwambia afunge shamba.

Basi wenye kutunga sheria walijikuta kati ya mambo mawili. Wakiweka umri mdogo kwa watu wote, barabara za mjini zingejaa watoto. Wakiweka umri mkubwa bila kumsaza mtu, mwenye dhiki ya kweli angeumia. Wakachagua njia ya tatu. Waliweka umri kwa watu wote, kisha wakaacha mlango mwembamba kwa kijana mwenye haja maalumu. Mlango huo ndio hati ya ruhusa ninayotaka uitazame.

Tutazame kwanza Kansas. Huko kijana wa miaka 14 aweza kupewa hati ya shamba, iwapo anaishi au anafanya kazi katika shamba lisilopungua ekari 20. Akiwa peke yake aweza kuendesha kwenda na kurudi kazini shambani, na siku za masomo aweza kwenda shuleni kwa njia iliyo fupi na nyofu. Haruhusiwi kuwapakia watoto wenzake wasio ndugu zake. Huko Texas kijana wa miaka 15 aweza kuomba leseni ya dhiki kwa sababu tatu: ikiwa jamaa yake itapata taabu kubwa ya riziki asipoendesha, au ikiwa mmoja wa jamaa ni mgonjwa, au ikiwa anasomea kazi ya ufundi. Mzazi hutia sahihi, na kijana huhojiwa juu ya sheria za barabara na kupimwa uwezo wake.

Yatazame vizuri masharti hayo, msomaji. Hati hiyo haimwambii kijana, «Sasa wewe ni mtu mzima, nenda utakako.» Humwambia, «Nenda pale haja yako ilipo, kisha rudi.» Njia imetajwa, na kazi imetajwa. Wanaoruhusiwa kupanda pia wametajwa. Kijana anayedhani kwamba wenzake wa Kansas wamepewa uhuru kabla ya wakati wake amekosea. Wamepewa mzigo, na mzigo huo umefungwa kamba.

Mfano mwingine watoka North Carolina. Kwa miaka mingi mabasi ya shule ya jimbo lile yaliendeshwa na wanafunzi wenyewe, wengi wao wa miaka 16 na 17. Walifundishwa na kupimwa, kisha kila asubuhi wakawapitia wadogo zao njiani na kuwafikisha darasani. Jimbo lilipunguza gharama, na vijana wengi waliifanya kazi ile kwa uaminifu. Hata hivyo serikali kuu ya Marekani haikukubali kwamba uaminifu watosha mahali pa umri, na mwaka 1988 ruhusa ile ilikoma; kazi ya kuendesha mabasi ikaachiwa waliotimiza miaka 18. Hapa twaona jambo la kukumbukwa. Mlango uliofunguliwa kwa sababu ya haja waweza kufungwa, haja ikipungua au hatari ikidhihirika.

Hata dola kubwa hupatwa na dhiki. Mwaka 1956, vita vya Suez vilipokata njia ya mafuta, Uingereza ilisimamisha mitihani ya udereva tangu Novemba 24 mwaka huo mpaka Aprili 15, 1957. Watahini walikwenda kusaidia kugawa mafuta kwa kipimo, na wanafunzi wa udereva, ambao sheria iliwataka wafuatane na mwenye leseni, waliruhusiwa kuendesha peke yao. Mfereji ulipofunguliwa na mafuta yakapatikana tena, mitihani ilirudi. Sheria ililegezwa kwa muda, haikufutwa.

Sasa twaweza kuuliza: kwa nini watu wajisumbue kuyafunga mambo namna hii? Jibu limo katika maarifa yaliyokusanywa kwa miaka mingi. Imeonekana kwamba dereva wa miaka 16 hupata ajali nyingi kwa kila maili kuliko wa miaka 18 au 19. Kwamba usiku huzidisha hatari yake. Na kwamba wenzake wakimjaa garini, hatari huzidi tena. New Zealand iliyaona hayo, ikawa nchi ya kwanza, mwaka 1987, kutoa leseni kwa daraja: kwanza kujifunza, kisha kuendesha kwa masharti, mwisho leseni kamili. Mwaka 2011 ikapandisha umri wa kuanza kutoka miaka 15 hadi 16. Florida iliifuata njia ya daraja mwaka 1996, na majimbo mengine ya Marekani yakafuata.

Kwa hiyo turudi katika nyumba ile ya mashambani, ambapo mama angali akiugua. Jibu langu ni hili. Usiku ule si wakati wa kuuliza swali. Hapana ofisi inayotoa hati saa saba ya usiku, wala hapana mtu ajifunzaye kuendesha kwa sababu mama yake analia. Hati ya dharura hutafutwa kabla ya dharura. Jamaa iliyo mbali na daktari ilipasa kukaa pamoja mchana, kwa utulivu, na kuulizana: nani atatusaidia tukifikwa? Pengine jibu ni kijana huyu, akafundishwa na kupimwa na kuandikiwa hati. Pengine jibu ni jirani, au gari la wagonjwa. Mashaka humpa mtu sababu ya kuendesha. Hayampi ustadi wa kuendesha. Ustadi hutoka katika mafunzo tu.

Katika nchi yetu ya Kenya mtu hapewi leseni ya motokaa kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini umekwisha kuona, kama nilivyoona mimi, kijana wa shule akiazima pikipiki ya kaka yake «kwa safari fupi tu», amewapakia wenzake wawili nyuma, na hakuna hata mmoja mwenye kofia ya chuma. Ukimwuliza, atakutajia haja: maji, unga, dawa ya bibi. Huenda haja ni ya kweli. Hata mtoto wa Kansas haja yake ilikuwa ya kweli; lakini kabla ya kuruhusiwa aliulizwa alijifunza kwa nani, anakwenda wapi, na amempakia nani. Siku utakapotaka kushika usukani, msomaji wangu, usingoje polisi akuulize maswali hayo matatu. Jiulize mwenyewe kwanza, na ukikosa jibu hata la moja, rudisha ufunguo kwa mwenyewe.