Nauli ya Kwenda Kwenye Ubingwa

Machi 1972, timu ya Immaculata, chuo kidogo cha wanawake kilichoendeshwa na masista wa Kikatoliki huko Pennsylvania, ilifuzu mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu, lakini haikuwa na nauli ya kufika Illinois. Wachezaji wakauza miswaki. Fedha hazikutosha kikosi kizima, hivyo kocha Cathy Rush akaondoka na wachezaji 8 tu. Walirudi mabingwa, baada ya kuifunga West Chester 52 kwa 48, timu ileile iliyokuwa imewacharaza kwa tofauti ya pointi 32 muda mfupi kabla.

Umaskini huo ulikuwa na chanzo chake. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, kilishughulikia wanaume pekee, na wanawake walikuwa wamejiundia chama chao, AIAW, mwaka 1971. Waasisi wake, wengi wao walimu, walichukizwa na jinsi fedha zilivyotawala michezo ya wanaume. Mwanzoni walikataza hata ufadhili wa masomo kwa wanamichezo.

Juni 1972 ikaja sheria ya Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuongeza bajeti za wanawake. NCAA kwanza iliipinga sheria hiyo ilipogusa michezo, kisha ikageuka na kuyataka mashindano ya wanawake yenyewe.

Mwaka 1982 yakafanyika mashindano mawili. Rutgers ilitwaa kombe la AIAW, na Louisiana Tech ikatwaa la NCAA kwa kuishinda Cheyney State 76 kwa 62. Muda mfupi baadaye AIAW ikafa.

Viongozi wake walisema ilinyongwa, kwa kuwa NCAA iligharamia safari za timu. Walishtaki, wakashindwa. Wengine walisema makocha walihama kwa hiari. Maelezo yote mawili yana ukweli, ingawa hiari ya timu iliyowahi kuuza miswaki ni hiari ya namna yake.

NCAA ililipa nauli, si usawa. Ilihitaji aibu ya 2021, video ya vyuma vichache vya mazoezi walivyopewa wanawake ilipoenea, ndipo idadi ya timu zao ikafikishwa 68, sawa na wanaume, mwaka 2022. Malipo kwa ushindi wao yalianza 2025. Ya wanaume yalikuwapo tangu 1991.