Sauti Iliyokatika Njia ya Ngara

Msikilizaji, juma hili nakurudisha Kagongwa, mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda usiozidi siku mbili. Sehemu ya chakula chao ilishushwa kwenye reli pale Isaka, ikapakiwa malori, nayo malori yakatupita sisi watoto wa Kagongwa, tumejipanga kando ya barabara tukihesabu antena.

Mjomba wangu aliendesha lori la mwisho katika msafara mmojawapo. Kwa kuwa ni la mwisho, alipewa redio koli ya kusemezana na gari la mbele. Jioni moja, ng'ambo ya Runzewe, lori likazimika. Akaita, akaita; akajibiwa na mkwaruzo tu. Na katika mapori yale ya Biharamulo majambazi hawakuwa hadithi. Akaachia breki lori lirudi nyuma kidogo, kiasi cha mita moja, na mara sauti ya kiongozi wa msafara ikaja safi kama ya mtu aliyeketi pembeni. Utingo alisema ni mizimu. Mjomba alisema ni betri. Wote wawili walikosea.

Wimbi la redio halifiki kwa njia moja. Moja hunyooka, jingine hugonga mwamba, jingine bodi la lori, jingine ardhi. Yakikutana yakiwa yamepishana nusu wimbi, yanauana. Redio koli za aina ile hutumia mawimbi ya urefu wa karibu mita 2, hivyo kutoka penye ukimya hadi penye sauti huenda pasizidi hatua moja ya mtu mzima.

Hesabu yake ni kongwe kuliko redio yenyewe. Lord Rayleigh wa Uingereza aliifanya mwaka 1880, akichunguza sauti. Mwaka 1968 R. H. Clarke akaandika juu ya gari linalotembea na kituo kilichosimama. Gari kwa gari kulisubiri hadi 1986, walipoandika Akki na Haber. Maana yakitembea yote mawili, antena zote ziko chini, sauti hukatika upesi zaidi. (Wahandisi wanisamehe kwa kufupisha.) Mwaka 1999 Marekani ikayatengea magari mawimbi ya sentimita 5 hivi, yaonyane hatari barabarani. Hapo, kutoka shimo moja la ukimya hadi jingine, ni upana wa vidole viwili tu!

Mjomba hakujua lolote kati ya hayo. Gari la mbele liliporudi kumchukua, saa nne usiku, lilimkuta bado amekanyaga breki, akihofia lori lisije likasogea tena.