Parokia Ilipogeuka Kigango: Ibada ya Wakatoliki wa Afrika Mashariki Wakati wa UVIKO-19

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa, na Wakatoliki wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walipitisha Juma Kuu na Pasaka wakiwa majumbani. Wenye televisheni waliketi sebuleni wakimtazama padre akiadhimisha Misa katika kanisa tupu. Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi Julai, masharti yalikuwa makali: waamini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Bibi aliyekuwa hakosi Misa ya alfajiri, na ambaye rozari yake ndiyo iliyokuwa ikiishikilia jumuiya, akajikuta yuko nje ya kanisa kwa sababu ya umri wake. Uganda ilisubiri hadi Septemba, nayo ikaruhusu watu 70.

Mjadala wa kichungaji uliofuata umezunguka swali moja: je, ilikuwa halali kufunga makanisa? Swali hilo ni zito, lakini naona limefunika jingine lililo kubwa zaidi. Hali iliyowashtua waamini wa mijini mwaka 2020, yaani Dominika isiyo na padre wala Ekaristi, ndiyo hali ya kawaida ya vigango vingi vya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Janga liliigeuza parokia ya mjini kuwa kigango, lakini kigango kilichokosa maarifa ya kigango. Viongozi wetu walikimbilia kamera wakati mikononi mwao walikuwa na makatekista, Jumuiya Ndogo Ndogo na sheria ya Kanisa inayowaruhusu kuvitumia vyote viwili.

Anayetaka kujua maarifa hayo ni yapi, aende kigangoni Dominika ambayo padre yuko kwingine. Parokia ya kijijini inaweza kuwa na vigango kumi au zaidi na mapadre wawili tu. Misa hufika mara moja kwa mwezi, na masika yakikata barabara haifiki kabisa. Asubuhi katekista anagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, watu wanakusanyika. Anaongoza toba, msomaji anasoma masomo ya siku, katekista anafafanua Injili, kisha Sala ya Waamini inatoka vinywani mwa watu wenyewe: mmoja anamwombea mtoto aliyelazwa, mwingine anaombea mvua. Sadaka inatolewa, wakati mwingine ni mahindi au mayai. Baba Yetu inasaliwa, na kama hakuna Ekaristi iliyoletwa kutoka parokiani, waamini wanafanya komunyo ya tamaa. Katekista hasimami altareni wala hagusi Sala ya Ekaristi. Mwishoni yanakuja matangazo: nani mgonjwa, jumuiya gani itakwenda kumwona, nani atamchotea maji.

Hakuna anayedhani kwamba hiyo ni Misa. Wote wanajua kinachokosekana, na ndiyo maana padre anapofika na pikipiki yake siku hiyo inakuwa sikukuu: foleni ya kitubio inapangwa chini ya mti, watoto wanabatizwa, ndoa zinabarikiwa. Njaa ya Ekaristi inatunzwa na ibada inayofanyika wakati Ekaristi haipo. Jambo hili linastahili uzito wa kitaalimungu kuliko tunavyolipa, kwa sababu tumezoea kukihesabu kigango kama parokia ambayo haijakomaa.

Sheria ya Kanisa iko wazi. Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963, inahimiza Ibada ya Neno hasa mahali pasipo na padre. Kanuni ya 1248, aya ya pili, inakwenda mbali zaidi: pale ambapo kushiriki Misa hakuwezekani kwa kukosa mhudumu au kwa sababu nyingine nzito, inapendekezwa waamini washiriki Ibada ya Neno au wasali kwa muda wa kutosha, mtu binafsi, familia, au kundi la familia. Kundi la familia ni nini, kwa mazingira yetu, kama si jumuiya? Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa ukanda wa Afrika Mashariki, walikwisha kuamua katika mkutano wa Nairobi mwaka 1973, na kukazia mwaka 1976, kwamba Kanisa la ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya hizo. Karibu miaka hamsini baadaye, palipotokea sababu nzito kuliko zote za kizazi hiki, parokia nyingi za mjini zilikuwa na jumuiya zilizozoea zaidi kukusanya michango na kuthibitisha kadi za zaka kuliko kuongoza ibada.

Historia yetu wenyewe ilikuwa na funzo. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao, wakavuka ziwa kwenda kusini, wakawaacha Wakristo wachache waliobatizwa karibuni pamoja na wakatekumeni. Waliporudi Julai 1885 walikuta imani imeenea. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa ameishika jumuiya ya ikulu. Andrea Kaggwa alikuwa akifundisha. Huko Mityana, Matia Kalemba na Noe Mawaggali walikuwa wameikusanya jumuiya yao. Karibu miaka mitatu bila Misa. Walichokuwa nacho ni sala, mafundisho, ubatizo wa dharura na huduma kwa wagonjwa, vyote chini ya uongozi wa walei. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka hao, pamoja na Mashahidi wengine wa Uganda, kule Namugongo kwa jinsi walivyokufa. Mwaka 2020, ambapo mahujaji walizuiwa kwenda Namugongo kwa sababu ya virusi, ulikuwa mwaka wa kuwakumbuka kwa jinsi walivyoliendesha Kanisa bila padre.

Sisemi kwamba matangazo ya Misa yalikuwa kosa. Radio Waumini na Ukweli TV nchini Kenya, na Radio Maria Tanzania, ziliwafikia wazee na wagonjwa ambao hata kabla ya janga hawakuweza kufika kanisani. Naye Kadinali Robert Sarah, aliyekuwa Mwenyekiti wa Idara ya Vatikano inayosimamia Ibada, aliwaandikia maaskofu Agosti 2020 akikumbusha kwamba hakuna matangazo yanayoweza kulingana na kushiriki Misa ana kwa ana. Nakubaliana naye, ila barua hiyo inapima televisheni kwa Misa tu. Kipimo kingine kinahitajika: televisheni ilimpa mlei kazi gani? Ilimpa kazi ya kutazama. Baba hakusoma somo mbele ya wanawe, mama hakuombea jirani kwa jina, na jirani aliyekuwa anahema kwa shida nyumba ya tatu hakutajwa na mtu, kwa kuwa padre aliyekuwa kwenye kioo hakumjua.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii linatoka kwa wataalamu wa afya, na wana haki. Jumuiya hukutana sebuleni, na chumba kidogo chenye watu wanaoimba ndipo virusi vya kupumua vinapostawi. Huko Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, kwaya ilifanya mazoezi ya jioni moja tarehe 10 Machi 2020; kati ya watu 61 waliohudhuria, 53 walihesabiwa kuwa wameugua na wawili wakafa. Kwa Kanisa lenye kwaya kama zetu, tarakimu hizo zinatisha. Lakini jumuiya haiishi katika kikao tu. Ni orodha ya familia zinazofahamiana, na orodha hiyo inaweza kufanya kazi kwa simu, kwa watu wachache uani wakiwa wameachiana nafasi, au kwa mwenyekiti kupita na kusalimia kutokea getini. Karibu kila jumuiya ya mjini ilikuwa na kundi la WhatsApp. Palipokuwa na mama mwenyekiti mwenye ari, kundi hilo lilibeba masomo ya Dominika, rozari ya jioni na habari za wagonjwa. Tatizo ni kwamba mambo hayo yalitegemea ari ya mama huyo. Yangepaswa kutegemea agizo la jimbo.

Tanzania ilipita njia nyingine. Tarehe 22 Machi 2020 Rais John Magufuli, akiwa kanisani Dodoma, alisema nyumba za ibada hazitafungwa. Idadi ilipofika wagonjwa 509, takwimu hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Mlangoni pa makanisa chombo cha maji ya baraka kilikauka, na mahali pake ikawekwa ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Komunyo ikatolewa mkononi, jambo lililowasumbua wengi waliolelewa kuipokea kwa ulimi. Amani ikatakiwa kwa kuinamiana. Miezi ilivyosonga, katika makanisa mengi ndoo zikaanza kukauka nazo.

Wapo waliotafsiri milango iliyo wazi kuwa ushindi wa imani, na kufunga kuwa woga. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alikuwa amesitisha Misa za hadhara jimboni mwake Aprili 2020, ingawa serikali haikumlazimisha. Uamuzi ule haukujadiliwa vya kutosha na wanataalimungu wetu. Kwa maoni yangu ulikuwa tendo la kiliturujia kwa maana kamili: askofu alitamka kwamba mwili wa jirani ni sehemu ya yale yanayopaswa kuheshimiwa kwenye ibada. Na jimbo la vijijini lilikuwa na uwezo wa kuuishi uamuzi huo, kwa kuwa mkristo wa kigango hahitaji kufundishwa kwamba Dominika bila Misa bado ni Dominika. Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika kuonya kwamba nchi yetu si kisiwa. Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya takriban miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista 60, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Hao ndio waliokuwa wakiwapaka wagonjwa mafuta, wakifundisha na kuwauguza wengine. Uhodari wa kubaki na milango wazi unapaswa kupimwa kwa makaburi yao pia.

Pana mahali ambapo maarifa ya kigango hayatoshi, nayo ni kitandani pa mgonjwa na kaburini. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre peke yake. Tarehe 20 Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume ilitoa rehema kamili kwa wagonjwa, kwa wanaowahudumia na kwa wanaowaombea, ikawakumbusha waamini mafundisho ya Katekisimu, namba 1452: majuto kamili, yanayotokana na upendo kwa Mungu, huondoa hata dhambi za mauti iwapo mtu ana nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana. Ni faraja kubwa mno, na tuliificha. Wakristo wangapi wa kawaida waliwahi kuisikia mimbarini, kwa Kiswahili chepesi, kabla hawajawekewa mtungi wa oksijeni? Mtu anaweza kufa peke yake akiamini amenyimwa msamaha, ilhali Kanisa lake linafundisha kinyume. Kwa hili sioni kisingizio.

Mazishi nayo yalijeruhi. Kwetu jumuiya ndiyo inayozika: inakesha, inapika, inaimba, inaleta rambirambi, inashika sepetu. Kenya ilipoweka kikomo cha watu 15 kaburini, na waliovaa mavazi ya kujikinga wakashusha jeneza upesi, wafiwa walinyimwa mikono iliyozoeleka kuwashika. Lakini njia ya kati ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 2014, wakati wa Ebola Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani liliandaa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima kwa kushirikiana na mashirika ya dini, Caritas Internationalis likiwamo: familia inashirikishwa, kiongozi wa dini anasali akiwa mbali kidogo, marehemu anaitwa kwa jina. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kuua watu 2,287 hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020, Beni na Butembo, miji inayosali kwa Kiswahili, ilijifunza hayo kwa uchungu. Mipaka ya mataifa ilituzuia kujifunza kwa ndugu wanaotumia lugha yetu.

Limebaki suala la fedha, ambalo makala za kichungaji hulikwepa. Posho ya katekista, pale ilipo, hutoka kwenye sadaka ya Dominika. Kanisa likifungwa, anayehitajika zaidi ndiye anayekosa riziki kwanza. Namba za kutuma sadaka kwa simu ziliokoa bili za parokia. Sharti la kwanza la fedha hizo lingekuwa kumtunza katekista. Tarehe 10 Mei 2021, janga likiendelea, Papa Fransisko aliianzisha rasmi Huduma ya Katekista kwa barua yake Antiquum ministerium. Majimbo yetu, yaliyoishi kwa makatekista kwa zaidi ya karne moja, yalipaswa kuwa ya kwanza kuikumbatia, pamoja na mafunzo, mkataba na bima ya afya.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba. Januari 2025 ukarudi katika mkoa uleule wa Kagera, safari hii Biharamulo. Marburg huambukiza kwa kugusa, hivyo kinachotishiwa ni kumwosha marehemu na kumshika mkono mgonjwa. Kabla ya mlipuko mwingine, kila parokia, ya mjini na ya kijijini, iwe na watu wawili katika kila jumuiya waliofundishwa na kutumwa na askofu kuongoza Ibada ya Neno, kusali mazishi na kuwaeleza wagonjwa mafundisho ya majuto kamili. Iwe na daftari la wazee na wagonjwa linalohuishwa kila mwezi. Na iwe na makubaliano ya maandishi na mganga mkuu wa wilaya kuhusu namna padre atakavyoingia wodini akiwa amevaa kinga. Semina ya makatekista ya mwaka inatosha kuanzia.